Majina Mawili ya Andrés Varela Rial

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo, chupa ya gundi na pasipoti ishirini na mbili zilizofungwa kwa mpira. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, karibu na gati za Durban, lakini dirisha lake halikutazama maji. Lilitazama yadi ya makontena. Tulikuwa mawakala wa meli. Kwa vijana wasioijua kazi hii, niseme hivi: meli ikiingia bandari ya ugenini, mwenye meli yuko mbali, basi humtumia wakala amfanyie mambo yote ya nchi kavu. Wakala hutafuta vibali vya uhamiaji, maji, chakula, daktari, tiketi ya baharia anayerudi kwao, na jeneza ikibidi.

Nilikuwa nimetoka Tanga na cheti cha kidato cha nne, nikakaa Maputo miaka minne nikifanya kazi ya ghala, nikaondoka huko na Kireno. Kireno ndicho kilichonipa ajira. Karani Mkuu, Mhindi wa hapa hapa Durban aliyevaa tai hata siku za joto kali, aliniuliza kama najua Kihispania. Nikajibu kwamba najua Kireno tu. Akasema, "Ni ndugu hao. Utakaa dawati la mabaharia." Nilikaa pale, kwa vyeo mbalimbali, karibu maisha yangu yote ya kazi.

Kazi ya dawati lile ilikuwa majina. Nahodha huleta orodha ya mabaharia wake wote, na mimi, kwa kuitazama orodha na pasipoti, nilimjazia kila anayeshuka kadi ndogo ya kijani. Kadi hiyo ndiyo iliyomfuata baharia kila alikokwenda. Hospitali walinakili kutoka kwenye kadi, uhamiaji vilevile, hata sisi tulipotuma habari kwa mwenye meli tulinakili kutoka kwenye kadi. Ilikuwa na nafasi moja ya jina la ukoo, nafasi moja ya jina la kwanza, na kiboksi cha herufi moja katikati.

Karani Mkuu alinifundisha kanuni asubuhi ile ile, amesimama nyuma yangu. "La mwisho ndilo la ukoo. La katikati likate, weka herufi. Afisa wa uhamiaji hana siku nzima ya kusoma."

Kanuni hiyo haikuwa ya kijinga. Wateja wetu wengi walikuwa Wafilipino, na wao wana majina ya Kihispania kwa sababu walitawaliwa na Wahispania. Mabaharia wenyewe walinisimulia kwamba zamani serikali ile iligawa majina ya ukoo kutoka kwenye kitabu, kijiji kwa kijiji, ili watu waandikike kwa urahisi. Mfilipino akiitwa Ramón Cruz Santos, Cruz ni upande wa mama na Santos ni upande wa baba. Yeye mwenyewe huandika Ramón C. Santos. Wareno nao hulitanguliza la mama, la baba likaja mwisho. Kote huko kanuni ilifanya kazi, na ikanikaa mkononi hata nikaacha kuifikiria.

Wahispania wenyewe tuliwapata kwa meli za uvuvi, zile zinazotandaza uzi mrefu wenye ndoano nyingi katika bahari kuu na kuingia Durban kupumzika na kutengenezwa. Majina yao yalikuwa marefu. José Luis Fernández Otero. Francisco Javier Blanco Seoane. Pasipoti zao ziliyaandika majina mawili ya ukoo pamoja, bila kusema lipi ni kubwa kuliko jingine. Kadi yangu ilikuwa na nafasi ya moja. Niliandika Otero, nikaandika Seoane, Fernández na Blanco nikayafanya herufi.

Mama Bijoux, Mkongo kutoka Bukavu aliyekuwa akipokea simu na wageni mlangoni, alinitania sana kwa hilo. "Papa Salim, we iko nakata majina ya batu kama mutu wa bucha," alisema siku moja. Kisha akanisimulia kwamba kwao kuliwahi kuwa na mkubwa wa nchi aliyepiga marufuku majina ya Kikristo. Baba yake aliamka asubuhi akiwa Joseph, jioni akawa na jina la babu yake. "Hata barua yake ya kazi ilipoteza mwenyewe," alisema, tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko yeye.

Miaka saba nilikata majina ya Wahispania namna ile na hakuna aliyeumia. Meli zilikuja na kuondoka, na kadi tulizitupa.

Mwaka wa nane, siku ya Alhamisi, meli moja ya uvuvi iliomba kumshusha majeruhi. Winchi, ile mashine ya kuvutia nyuzi, ilikuwa imembana kifuani na tumboni. Boti ilimleta gatini pamoja na mfuko wake wa nguo, na meli ikarudi baharini siku hiyo hiyo kwa sababu nyuzi zake zilikuwa bado majini. Kijana alikuwa na miaka ishirini na minne. Pasipoti ilisema Andrés Varela Rial. Nikajaza kadi ya kijani: Rial, Andrés V. Hospitali wakaandika Rial. Habari tuliyotuma Hispania kwa mwenye meli ikasema Rial. Orodha ya meli ile niliyoipiga chapa upya kwa ajili ya faili letu nayo ilimweka kwenye R.

Ijumaa asubuhi Mama Bijoux aliniunganishia simu ya mbali. Alikuwa mzee mmoja kutoka kaskazini magharibi ya Hispania, mahali ambapo watu wana lugha yao iliyo karibu sana na Kireno, kwa hiyo tulielewana bila shida. Alijitambulisha kwa jina la Varela. Alisema amekuwa baharia maisha yake yote, na sasa mwanawe yuko kwenye meli ile. Mke wa baharia mmoja amesikia kwamba mtu ameumia. Ofisi ya mwenye meli imefungwa kwa sikukuu mpaka Jumatatu. Akaniomba nimwambie tu kama aliyeumia ni Varela.

Nilifungua orodha yangu. Nikapitisha kidole kwenye V. Hakukuwa na Varela.

Tulikuwa na sheria ya kutomtajia mtu wa simu jina la majeruhi kabla ya kuhakikisha kwamba ni jamaa. Kwa hiyo sikumtajia. Nilisema, "Ni kweli kuna aliyeumia, mzee, lakini si Varela. Kwenye meli hii hakuna Varela."

Akauliza kama mwanawe amehamishiwa meli nyingine. Nikasema huenda. Akauliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Akaanza kulia, na nilimwelewa, ni kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo. Akanishukuru. Kabla ya kukata simu alisema, "Basi leo nitamwombea baba wa huyo mwingine."

Mama Bijoux alikuja mpaka kwenye dawati langu. Alikuwa amemsikia mzee wakati akiniunganishia.

"Papa Salim, ule muzee iko na wasiwasi ya kweli. Angalia tena muzuri."

"Nimeangalia. Hayupo."

"Angalia na pasipoti, si karatasi yako."

Pasipoti ilikuwa kwenye sanduku la chuma, hatua nne kutoka kiti changu. Nilimwambia arudi kwenye simu zake.

Mchana niliipeleka hospitali ile barua ya dhamana, yaani karatasi ya kuahidi kwamba matibabu yatalipwa, pamoja na mfuko wa nguo za kijana. Alikuwa macho. Uso wake ulikuwa wa rangi ya nta lakini aliongea vizuri, na nesi alisema anaendelea vyema. Nikamsalimu kwa Kireno. Aliniuliza swali moja.

"Baba yangu amepiga simu?"

Nikamjibu, "Hapana. Hakuna aliyekuulizia."

Nilisema kile nilichoamini kuwa kweli. Asubuhi ile mzee mmoja alikuwa amemtafuta Varela, na huyu kwangu alikuwa Rial. Kijana akasema, "Atapiga. Huwa anapiga kwa wakala." Akageuzia uso ukutani. Jumamosi hakuniuliza tena, alinishukuru tu kwa sabuni na taulo. Jumapili hali yake iligeuka, akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, wakamlaza usingizi wa dawa.

Jumatatu ofisi ya Hispania ilifunguliwa, wakalinganisha habari yetu na mikataba yao, wakatupigia wakiwa na hasira. Ndipo nikalifungua sanduku. Pasipoti ilikuwa pale, na majina yote mawili juu ya mstari mmoja.

Mzee Varela alipanda ndege siku hiyo hiyo. Alifika Durban Jumatano asubuhi. Andrés alifariki Jumanne alasiri bila kuamka.

Meneja wetu alikuwa nahodha mstaafu, mzungu mpole, na sote tulimwita Kapteni. Nilikwenda kwake mwenyewe kabla hajaniita, nikamweleza habari ya simu. Alikaa akizungusha kalamu. Akasema, "Mzee anakuja kesho. Mpeleke anakotaka, mpe chai, na usimwambie lolote kuhusu simu. Mawakili wa bima watakuja hapa." Nikaitikia. Habari ya swali la kijana hospitalini sikumwambia Kapteni wala mtu mwingine yeyote.

Nilimpokea mzee uwanja wa ndege nikiwa na kibao cha jina lake. Alikuwa mfupi, ana mikono mipana ya uvuvi, amevaa koti la sufi kwenye joto letu. Mahali pa kwanza alipotaka kwenda ni chumba cha maiti. Kwenye kidole cha mguu cha mwanawe kulikuwa na kitambulisho cha karatasi: A. V. Rial. Mzee alikisoma, akavaa miwani, akakisoma tena. Akaniuliza kwa utulivu, "Mimi niko wapi hapa?"

Cheti cha kifo nacho kilikuwa kimekwisha andikwa Rial. Mzee alikataa kumsafirisha nacho. Alisema hawezi kumpelekea mkewe mtoto asiye na baba. Kusahihisha cheti kulichukua siku sita, na siku zote sita nilikuwa dereva wake. Tulimpangia chumba Glenwood, kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye kupangisha wanafunzi. Asubuhi nilimchukua, tukaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali mpaka adhuhuri. Ni kwenye benchi lile nilipojifunza kazi niliyodhani naijua.

Mzee alinieleza kwamba kwao kila mtu ana majina mawili ya ukoo. La kwanza ni la kwanza la baba, la pili ni la kwanza la mama. Yeye ni Manuel Varela Souto. Mkewe ni Dolores Rial Pazos. Mtoto akachukua Varela kwa baba na Rial kwa mama. Mwanamke akiolewa habadilishi jina lake. "Kwa nini abadilishe?" aliniuliza. "Si alikuja nalo?" Katika shughuli za kila siku mtu huitwa kwa lile la baba, na la mama hutajwa panapotakiwa jina kamili. Siku hizi, kwa ninavyosikia, sheria yao inawaruhusu wazazi kuchagua lipi litangulie.

Alinieleza asili zake pia, akihesabu kwa vidole. Majina yanayoishia na "ez" yalimaanisha mtoto wa fulani: Fernández ni wa Fernando, Pérez ni wa Pedro. Nikamwambia hiyo ndiyo bin yetu. Mengine ni ya mahali: Souto ni msitu wa miti ya njugu fulani za kwao, na huenda babu zake waliishi kando yake. Mengine ni ya kazi, kama Herrero, mhunzi. Bibi yake mzaa baba aliitwa Expósito, jina walilopewa watoto waliookotwa mlangoni pa kanisa, na alilibeba mpaka kaburini bila kuona haya. Jina la ubatizo hutoka kwa watakatifu. Lakini kijijini, alisema, hakuna anayetumia lolote kati ya hayo. José huitwa Pepe, Francisco huitwa Paco, na ukoo wake wote huitwa "wale wa kinuni" kwa sababu ya kinu cha kusaga ambacho hakuna aliye hai aliyewahi kukiona.

Siku ya nne aliniuliza jina langu kamili. Nikamwambia Salim Hamisi Mbwana: mimi, baba, na babu. Ofisini waliniita Mbwana, jina la babu ambaye sikumkuta. Mzee akafikiri. "Na mama yako yuko wapi?"

Siku ya tano, tukiwa garini, robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, sikuweza tena. Nikamwambia, "Mzee, mimi ndiye niliyepokea simu yako."

Alitazama mbele. Taa ikawa kijani, gari za nyuma zikapiga honi, nikaenda kuegesha kando. Nikamweleza kila kitu kuhusu kadi, Wafilipino, kidole changu kwenye V. Sikumtaja Karani Mkuu. Kanuni ilikuwa yake, lakini mkono ulikuwa wangu, na sanduku lilikuwa hatua nne.

Mwishowe akasema, "Ulikuwa na sauti ya upole. Nililala vizuri siku tatu kwa sababu yako."

Sijawahi kutukanwa nikaumia kama pale.

Kisha akaniuliza, "Ulimwona akiwa hai?"

"Ijumaa, mzee. Mchana."

"Baada ya simu yangu?"

"Baada yake."

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia. Aliuliza kama umepiga simu."

Aligeuka, akanishika kifundo cha mkono kwa ile mikono yake. "Ukamwambia nini?"

Ninyi mnaosoma mnajua nilichomwambia kijana. Mzee alinitazama machoni. Nikasema, "Nilimwambia umepiga."

"Akasema nini?"

"Alitabasamu."

Mzee aliinamisha kichwa mpaka kikagusa dashibodi. Kesho yake cheti kilitoka kikiwa na majina yote, akamchukua mwanawe, na uwanja wa ndege alinikumbatia mbele ya watu.

Kapteni aligundua kwamba nilimwambia mzee habari ya simu. Hakunifukuza. Alinihamishia idara ya mahitaji ya meli, kuagiza viazi na kamba, miaka mitatu. Karani Mkuu alipostaafu nilirudishwa dawati la mabaharia, safari hii kama mkuu wake. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchapisha kadi mpya yenye nafasi mbili za ukoo na nafasi ya majina ya wazazi wote wawili. Kila karani mpya nilimkalisha na pasipoti za mataifa mbalimbali, nikamtaka aniambie baba yuko wapi na mama yuko wapi kabla ya kugusa kalamu. Wengine waliniona mkorofi. Sasa mambo yote ni ya kompyuta, lakini kompyuta nayo huuliza "jina la ukoo" kana kwamba dunia nzima ina moja, na bado kuna kijana mwenye haraka anayejaza.

Nimestaafu. Naishi Queensburgh na binti yangu, na magoti yananikataza kushuka mjini mara kwa mara. Mama Bijoux ana saluni yake Cato Manor na hunipigia simu siku za Idi. Hajawahi kunisimanga kwa neno alilonipa siku ile. Ningependa angefanya hivyo.

Kila Krismasi mzee Varela alinitumia kadi, ingawa alijua mimi ni Mwislamu. Maneno yalikuwa yale yale kila mwaka: asante kwa kumwambia mwanangu kwamba nilipiga simu. Nilizipokea zote, na kila moja niliijibu kwa salamu.

Mwaka jana kadi haikuja. Ilikuja barua ya mkewe. Ameandika kwamba Manuel amefariki, na kwamba mpaka siku za mwisho alikuwa akiwasimulia majirani habari ya mtu wa Durban. Ana ombi moja. Anataka niandike kwa mkono wangu kile Andrés alichosema alipoambiwa kwamba baba yake amepiga, ili karatasi hiyo isomwe kanisani kwenye misa ya kumkumbuka mwanawe, kisha aiweke pamoja na picha zake.

Niliwahi kujidanganya kwamba niliongopa ili kumhurumia mzee. Sasa mzee hayupo, na uongo wangu unaombwa uje usomwe madhabahuni. Naona kwamba mkono wake ulikuwa kwenye kifundo changu na niliogopa tu, basi.

Bahasha iko tayari. Nimeandika juu yake Dolores Rial Pazos, bila jina la mumewe, kama alivyokuja duniani. Ndani kuna karatasi yenye mstari mmoja, kwa Kireno changu cha ghalani: "Mama, Ijumaa ile Andrés aliniuliza kama baba yake amepiga simu, nami nilimwambia hapana."

Mstari wa pili nimeutafuta wiki tatu, sijaupata. Jumatatu binti yangu atanipeleka posta, na barua itaondoka hivyo ilivyo.